Machozi ya Steringi Hayalipi Deni

Kila inapokaribia sikukuu, iwe ni Idi au zile siku za mwisho wa Desemba ambapo shule zimefungwa na watu wanateremka pwani makundi kwa makundi, picha za namna moja hutolewa au hurudiwa. Kijana na msichana wanakutana safarini. Mmoja wao hana adabu. Wanagombana, wanaimbiana, mvua inawanyeshea, kisha wanapatana, na sisi watazamaji tunapangusa machozi. Mimi ni mpenzi wa picha hizi tangu utotoni wala sioni haya kulisema. Lakini limo ndani yake jambo moja ambalo nadhani tumelinyamazia mno, nalo ni tabia ya huyo steringi tunayetakiwa tumpende.

Malalamiko ya kwamba steringi wa picha za mapenzi hapendeki ni ya siku nyingi. Wengine husema ni mjeuri, wengine husema ni mwongo, wengine humwona mtoto wa tajiri aliyedekezwa. Yote hayo ni kweli, lakini kwangu mimi siyo hasa yanayokera. Binadamu ana kasoro, na hadithi isiyo na mwenye kasoro haina utamu. Kinachonikera ni kwamba steringi hukosa, kisha picha yenyewe ikamsamehe kwa niaba ya aliyekosewa, bila ya huyo aliyekosewa kuulizwa.

Tuchukue mfano ambao karibu kila nyumba ya pwani inaujua. Mwaka 1995 ilitoka picha ya Kihindi iitwayo Dilwale Dulhania Le Jayenge, iliyoongozwa na Aditya Chopra, wakacheza Shah Rukh Khan na Kajol. Picha hiyo ilipendwa mno hata ukumbi wa Maratha Mandir mjini Mumbai ukaendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 25. Hadithi yake ni ya likizo. Simran, msichana aliyelelewa London na ambaye tayari ameposwa na mtoto wa rafiki wa babake kule Punjab, anaomba ruhusa ya mwezi mmoja tu atembee Ulaya kwa gari la moshi pamoja na wenzake kabla ya kuolewa. Humo safarini anakutana na Raj.

Sasa mtazame huyo Raj, lakini weka muziki kando. Kabla ya safari, anafika kwenye duka la babake Simran wakati limekwisha fungwa, anadai anaumwa na kichwa apatiwe dawa, na mzee akimwonea huruma akafungua, kijana anachukua bia na kumtupia fedha. Huko garini anamwandama msichana ambaye amemwonyesha wazi kwamba hataki kusumbuliwa. Kisha inakuja asubuhi ile ambayo Simran, aliyekunywa pombe usiku asijijue, anaamka katika chumba kimoja na Raj, naye Raj anamfanya aamini kwamba amemvunjia heshima yake. Msichana analia mpaka anatetemeka. Ndipo Raj anapomwambia kwamba ulikuwa mzaha tu, na kwamba yeye ni Mhindi, anajua thamani ya heshima ya mwanamke wa Kihindi.

Naam, wengi wetu tulipofika hapo tuliona tumeonyeshwa uungwana! Kijana hakumgusa, kwa hiyo ni mtu mwema. Lakini hebu jiulize, ndugu msomaji: mtu aliyemtia mwana wa mwenzake hofu kama ile, kwa mzaha, na asubuhi na mapema, je, kutokufanya lile kosa kubwa kunamfutia hili alilolifanya?

Picha hii niliiangalia tena Idi pili moja hapa Maungu, katika hoteli yenye televisheni iliyotundikwa juu ya ukuta. Wasioijua Maungu ni wengi kati ya wale wanaoipita kila siku. Ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, mwendo wa kama kilomita 30 kabla ya kufika Voi kwa atokaye Mombasa, pale inapochepuka njia ya kwendea Kasigau. Madereva wa malori husimama hapa wakala na kulala, na mabasi hupita yamejaa watu waendao likizoni. Tuseme sisi ni watu wa kutazama safari za wenzetu, na labda ndiyo sababu picha za safari hutuvuta.

Siku ile picha ilifika mwisho wake unaojulikana. Raj amekwenda Punjab, amejipenyeza katika nyumba ya wakwe kwa kujifanya mtu mwengine, siri imefichuka, na mzee amempiga makofi mbele ya watu. Raj anakubali kwamba yeye ni mwongo, hafai. Mwishowe mzee anauachilia mkono wa binti yake naye anakimbilia gari la moshi. Hotelini watu wakashangilia. Mama mmoja mtu mzima, mwuza mboga, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Haya, baba mtu ameombwa radhi. Na yule msichana aliyelizwa, ataombwa lini?"

Utingo mmoja akacheka, akamjibu: "Mama, hayo ndiyo mapenzi. Msichana akikukasirikia, jua amekupenda."

Msichana aliyekuwa akikusanya vikombe hakutia neno. Lakini sisi wateja wa kila siku tulijua kwamba kijana yuyo huyo alikuwa amemwandama kwa majuma mazima, na kwamba ili asikutane naye stendi, binti yule alikuwa akizunguka nyuma ya maduka kila jioni kwenda kwao. Kila alipomkataza, kijana aliona hadithi inasonga mbele. Alikuwa akingojea wimbo uanze.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Masheikh wetu wametufundisha tangu chuoni kwamba kosa la mja na Mola wake ni mlango mmoja, na haki ya mja kwa mja mwenzake ni mlango mwengine. Huo wa pili haufunguki kwa machozi ya mkosaji. Mpaka amrudishie mwenyewe haki yake, au amwendee amtake radhi naye asamehe. Picha za sikukuu zimeuvunja mlango huo wa pili. Steringi akilia, yamekwisha. Akikimbia kwenye mvua, yamekwisha. Akiimba mlimani na hali amevaa koti zuri, yamekwisha kabisa.

Wala si kwamba watengenezaji wa picha hawajui njia nyingine. Wazee wetu walimpenda mwizi. Awara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ilitia fora Unguja kama ilivyotia fora katika nchi nyingi za dunia, na steringi wake ni mhuni na mwizi. Lakini kwa nini moyo ulimkubali? Kwa sababu hadithi haikumficha. Ilituonyesha umaskini na dhuluma zilizomfikisha pale, kisha ikampeleka mahakamani, ikamhukumu kifungo cha miaka 3, na mpenzi wake akabaki kumngojea. Tulimhurumia, na deni akalilipa. Vivyo hivyo Junglee ya mwaka 1961. Humo Shammi Kapoor ni mtu wa hasira, hacheki wala hataki wengine wacheke, na nyumba nzima inamwogopa. Jina lenyewe la picha linamtukana kwamba ni mtu asiyestaarabika. Anakwenda Kashmir, anapenda, theluji inamlainisha, na anaporudi nyumbani ni mtu mwengine mbele ya wale wale aliokuwa akiwaonea. Picha inajua kwamba steringi wake ana ubaya, na ubaya huo ndio kazi yenyewe ya hadithi.

Hizi nyingine zinatumia hila. Hila ya kwanza ni kumtafutia steringi mtu wa kumbebea dhambi zake. Raja Hindustani ya mwaka 1996 ni ushahidi. Aarti, mtoto wa tajiri, anakwenda kupumzika mji wa milimani na huko anampenda Raja, dereva wa teksi, waliochezwa na Karisma Kapoor na Aamir Khan. Baada ya ndoa, Raja anageuka mtu wa ghadhabu na shaka, haulizi, hasikilizi, na mwisho anampokonya mkewe mtoto mchanga. Lakini kumbe yote yalikuwa njama za mama wa kambo! Mama wa kambo anafichuliwa, naye Raja anatoka msafi kama aliyeoga. Ni kweli mama wa kambo alichochea. Lakini mkono uliompokonya mama mtoto wake ulikuwa wa nani?

Hila ya pili ni kuitumia sikukuu yenyewe. Wazungu wana picha yao iitwayo Love Actually, ya mwaka 2003, ambayo hurudiwa kila Krismasi. Humo kijana mmoja, usiku wa kuamkia Krismasi, anakwenda mlangoni kwa rafiki yake mpenzi, na mumewe akiwa ndani, anamwonyesha mke wa rafiki huyo mabango yenye maneno ya kumwambia kwamba anampenda. Anamtaka amdanganye mumewe kwamba ni waimbaji wa Krismasi wamebisha hodi. Kwetu jambo hilo lina jina lake, na halisemwi mbele ya watoto. Lakini kwa kuwa ni sikukuu na taa zinawaka, mamilioni ya watu wameliona ni tamu. Ni kana kwamba sikukuu ni siku ya kusamehe madeni ya wengine, bila ya wenye madeni kujua.

Hila ya tatu inatugusa sisi wa nyika kwa karibu zaidi, nayo ni kumweka steringi mahali pazuri mpaka tusimwangalie mwenyewe. Mwaka 2019 ilitoka picha ya Krismasi iitwayo Holiday in the Wild. Kristin Davis anacheza mke wa New York aliyeachwa na mumewe. Anakwenda Zambia peke yake, anakutana na rubani, wanaokoa mtoto wa ndovu aliyefiwa na mama, na mapenzi yanachipuka. Huyu mama si mkorofi, na mwigizaji mwenyewe kwa miaka mingi amekuwa mfadhili wa shirika la Sheldrick, lenye kituo chake cha kulelea ndovu yatima hapa kwetu Voi. Hilo ni jema na tunamshukuru. Lakini katika hadithi ile Afrika nzima imekuwa dawa ya moyo wa mgeni mmoja, na wenyeji wapo pembeni kuishika chupa ya dawa. Mtu wa Maungu, ambaye ndovu humwingilia shambani usiku akabaki hana mahindi, hana nafasi katika mapenzi hayo. Kutomwona mtu aliye mbele yako nako ni tabia mbaya, japokuwa haina kelele.

Nikiilinganisha na ile ya Kijerumani, Die weiße Massai ya mwaka 2005, naiheshimu zaidi hii ya pili ijapokuwa steringi wake ni mgumu kupendeka kuliko wote. Mwanamke wa Uswisi, akiwa likizoni Kenya na mpenzi wake, anamwona kijana wa Kisamburu, na siku ya kurudi kwao anamwacha mpenzi wake aondoke bila yeye. Anaolewa Samburu, anafungua duka, anagombana na mumewe kwa sababu huwakopesha jamaa zake, na mwishowe anaondoka na binti yao. Unaweza kumchukia mama yule tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini picha haikumfichia hesabu. Likizo yake ilikuwa na gharama, na tunaona nani aliyeilipa.

Najua watakaosema: "Bwana, hii ni michezo tu. Mtu anakwenda kujiburudisha, wewe unamletea kadhi." Nami nakubali kwamba burudani ni haki ya mtu aliyechoka. Lakini burudani ndiyo inayoingia bila kubisha hodi. Mtoto hatakumbuka nasaha ya Ijumaa neno kwa neno, ila wimbo wa picha anao kichwani na anajua steringi alisimama vipi alipouimba. Picha hizi zinaonyeshwa katika mabasi, katika vibanda, na sasa katika simu ambayo kijana anaitazama peke yake asipate mama mwuza mboga wa kumwuliza swali.

Basi sitaki picha zipigwe marufuku, wala sitaki steringi awe imamu. Hawa vijana wetu wanaoandika na kutengeneza filamu Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam nawaomba kitu kidogo. Mwacheni steringi awe mkorofi mnavyotaka, lakini kabla ya wimbo wa mwisho mleteni mbele ya yule aliyemkosea, amwombe radhi kwa kosa lenyewe, kwa jina lake. Na huyo aliyekosewa mpeni ruhusa ya kusema la. Picha itakuwa tamu zaidi, kwa maana hatutajua mapema kama atasema ndiyo.

Na sisi tunaotazama na watoto wetu, tusione uzito kuuliza pale pale, chai mkononi: huyu amemlipa nani? Utingo wa hapa kwetu alikwisha hama, sasa yuko njia nyingine. Binti wa hotelini bado yupo, na siku hizi jioni hupita mbele ya maduka.