Mabati ya Karamoja, Nyumba za Lavington

BARAZA LA JUMAPILI
Na Mwanaisha Kombo

Bati halina hadhi ya dhahabu, lakini ndilo lililomponza Spika wa Bunge la Uganda, Anita Among. Tarehe 30 Aprili 2024 Uingereza ilimpiga marufuku kuingia nchini humo na kuzuia mali yoyote aliyonayo huko, pamoja na mawaziri wawili wa zamani, Mary Goretti Kitutu na Agnes Nandutu. Kwa maelezo ya London, mabati yaliyokusudiwa kuezeka nyumba za wanyonge wa Karamoja yaliishia mikononi mwa wakubwa. Mawaziri hao walikwishafikishwa mahakamani Kampala mwaka 2023, wakakana mashtaka. Among, ambaye naye alikana, hakuwa ameshtakiwa. Bunge lake likadai anaandamwa kwa msimamo wake kuhusu ushoga.

Sheria za vikwazo vya namna hii zilianzia kwenye kifo cha Mrusi mmoja. Sergei Magnitsky, mtaalamu wa kodi aliyefichua wizi wa dola milioni 230 za hazina ya nchi yake, alifia rumande Moscow Novemba 2009. Marekani ikatunga sheria yenye jina lake mwaka 2012, na mwaka 2016 ikaipanua imkamate mtesaji au mla rushwa wa nchi yoyote. Canada na Uingereza zikafuata.

Wanaobeza husema kunyimwa viza si adhabu. Wanasahau dola. Malipo mengi ya dola hupitia benki za New York, kwa hiyo jina lako likishaingia kwenye orodha ya Washington, hata meneja wa benki Kinshasa ataanza kukupiga chenga: fomu haijakamilika, mtandao uko chini, rudi wiki ijayo.

Tatizo langu ni nani anashika ufunguo. Desemba 2017 Marekani ilimwekea vikwazo Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli. Hazina ya Marekani ilidai Congo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36 kati ya 2010 na 2012, kwa migodi iliyouzwa kwa bei ya kutupa kwa kampuni zenye uhusiano naye. Yeye anakana. Januari 2021, Trump akiwa anafungasha virago, Gertler akapewa leseni ya kulegeza vikwazo hivyo, kimyakimya. Machi, serikali ya Biden ikaifuta. Mkongo, mwenye migodi, hakuulizwa mara zote mbili.

Na sisi tusijifanye watazamaji. Mwaka 2016 shirika la The Sentry lilianika majumba ya Nairobi, likiwemo la Lavington, ambayo liliyahusisha na familia za wakubwa wa Sudan Kusini, huku raia wao wakikimbia vita. Juni 2018 Hazina ya Marekani ilimtuma afisa wake, Sigal Mandelker, hadi Nairobi kuhimiza fedha na nyumba za namna hiyo zifuatiliwe. Yaani mgeni kutoka Washington ndiye aje kutuonyesha nyumba iliyo mtaani kwetu!

Kenya ina sheria dhidi ya utakatishaji fedha tangu 2009. Bunge lake sasa litunge na hii: jina litangazwe, mtuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea mahakamani, na nyumba ikithibitika ni ya wizi iuzwe, fedha ziwafikie wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Kakuma. Wa kwanza kuupinga muswada huo, nadhani, atakuwa dalali wa Lavington.