Msaada wa Dharura kwa Wenye Mikopo ya Nyumba: Fedha Zilikuwepo, Muda Haukutosha

Mfanyakazi anapopoteza ajira, mkopo wa nyumba hausubiri apate nyingine. Miezi michache ya malimbikizo hutosha kuipeleka nyumba mnadani, na ndiyo maana Serikali mbalimbali hulazimika kuingilia kati. Hata hivyo, uzoefu wa Marekani unaonesha kuwa kutenga fedha ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hiyo.

Mwezi Julai, 2010, Rais Barack Obama alisaini sheria ya mageuzi ya sekta ya fedha ya Dodd-Frank ambayo, pamoja na mambo mengine, ilitenga Dola za Marekani bilioni 1 kwa wamiliki wa nyumba waliopungukiwa kipato kutokana na kukosa ajira au ugonjwa. Mpango huo uliokuwa chini ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ulimwezesha mkopaji kupata hadi Dola 50,000 za kulipia malimbikizo na sehemu ya marejesho yake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Fedha hizo zilikuwa mkopo usio na riba, na deni lake lilipungua mwaka hadi mwaka na kufutwa baada ya miaka mitano kwa mkopaji aliyezingatia masharti.

Tatizo lilikuwa kalenda. Maombi yalianza kupokelewa Juni, 2011, takriban mwaka mzima baada ya sheria kusainiwa, ilhali sheria hiyo hiyo ilitaka fedha ziwe zimeshagawiwa ifikapo Septemba 30, 2011. Ndani ya muda huo mfupi mwombaji alipaswa kuthibitisha kwamba kipato chake kimeshuka kwa angalau asilimia 15, kwamba yuko nyuma kwa miezi isiyopungua mitatu, na kwamba ataweza kurejea kulipa. Matokeo yake, takriban nusu ya fedha haikutumika, huku waombaji wengi wakiachwa bila msaada.

Hali ilikuwa tofauti kwa majimbo machache yaliyokuwa na mipango yao na kuruhusiwa kuisimamia fedha yenyewe. Pennsylvania, kwa mfano, ilianzisha mpango wake mwaka 1983, wakati viwanda vya chuma vilipokuwa vikifungwa. Maafisa, fomu na taratibu vilikuwepo, na benki zilikwishazoea kumwarifu mkopaji kuhusu msaada huo kabla ya kuanza hatua za kutwaa nyumba.

Wakati wa UVIKO-19, Bunge la nchi hiyo halikurudia kosa la kalenda. Mfuko wa karibu Dola bilioni 10 ulioidhinishwa Machi, 2021 ulipelekwa moja kwa moja majimboni, na ukomo wake ukawekwa Septemba, 2026.

Kwa Tanzania, ambako wananchi wengi bado hujenga kidogo kidogo kwa akiba zao, suala hili linaweza kuonekana la mbali. Lakini tangu kutungwa kwa sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 na kuanzishwa kwa TMRC mwaka 2010 ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu, idadi ya kaya zenye mikopo hiyo imeongezeka. Sheria inaitaka benki kumpa mkopaji aliyeshindwa kulipa notisi ya siku 60. Huo ndio muda alionao wa kuonana na benki na kuomba marejesho yapangwe upya, na anayekwenda kabla notisi haijaandikwa huwa bado ana mengi ya kujadiliana.