Paka wa Ploti Nzima

Barazani, na Salim Karisa

Hapa Gongoni mtu akitaka kukusifia paka, husifia unene. "Huyu amekaa!" atakwambia, nawe utatabasamu, kwa sababu iliyosifiwa hapo ni nyumba yako: jikoni mna chakula na kinabakia. Paka aliyekonda humtia mwenyewe aibu mbele ya wageni. Ndiyo maana wengine tunawalisha mpaka wanashindwa kuruka dirisha, na bado tunajihesabu tumewatendea wema.

Mimi naona tunawakosea, na kosa lenyewe si la mtu mmoja.

Mchukue paka wa ploti iliyo nyuma ya kwetu, dume wa rangi ya chungwa aliyehasiwa, jina lake Bosi. Mwenyewe ni mama mtu mzima anayempenda kuliko anavyokubali. Juzi tulimtia Bosi kwenye kikapu cha ukili, tukamning'iniza kwenye mizani ya muuza samaki, kisha tukatoa uzito wa kikapu. Kilo saba kasoro kidogo. Muuza samaki akatuuliza kama tunauza kwa kilo au kwa fungu. Paka wa kawaida wa mitaa yetu huwa kati ya kilo tatu u nusu na tano. Dume mwenye umbo kubwa huzidi hapo kidogo tu. Bosi ukimtazama kwa juu hana kiuno, na ukimpapasa ubavuni inabidi ubonyeze ndipo uguse mfupa. Manyoya ya karibu na mkia yameshikana mabonge, maana ulimi haufiki huko tena. Paka asiyeweza kujilamba ana shida, hata akinguruma kwa raha namna gani.

Ifuate siku yake. Alfajiri anapata kipande cha hamri kilichochovywa kwenye chai ya maziwa. Saa tatu yuko kando ya karai la mama karanga, mkaanga samaki, akingoja vichwa na mikia. Adhuhuri kijana wa bodaboda wa mlango wa tatu humwachia wali wa nazi ulioshika sufuria. Alasiri watoto hutoka madrasa na viazi karai mkononi, na vingine huanguka, vingine huangushwa. Magharibi Bosi hurudi kwa mwenyewe na kulia mlangoni, kilio cha asiyetia kitu kinywani tangu jana, naye mama wa watu humkatia samaki wa kupaka. Kila mlango unampa kidogo. Ukiwauliza, kila mmoja atakwambia kweli kabisa kwamba humpa kijisehemu tu. Lakini tumbo ni moja.

Paka wa kilo nne anayekaa nyumbani hutosheka na kalori kama 200 kwa siku. Hamri moja lililotoka mafutani laweza kumaliza nusu ya hizo. Zile punje za mifuko zinazouzwa supamaketi za Malindi, ambazo wenye uwezo hujaza bakuli na kwenda zao kazini, gramu 100 huwa na kalori 350 au zaidi. Na paka akishahasiwa, mahitaji yake hupungua kwa robo hivi huku hamu ya kula ikipanda. Kuhasi ni jambo jema, simkatazi mtu. Ila mwenye paka anafaa kuambiwa habari hiyo siku ile ile anapomchukua mgonjwa wake.

Zamani bahari ndiyo iliyokuwa ikiwapimia. Kaskazi ikivuma, samaki walijaa Ngomeni na paka wakanona pamoja na wavuvi. Kusi likiingia, bahari ikachafuka, madau yakapumzika pwani, na paka akarudi kwenye panya, mijusi na panzi. Panya mdogo ana kalori 30 hivi, na hamkamati kabla ya kumkosa mara kadhaa. Kwa hivyo paka alikula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kila tonge alilitolea jasho. Siku hizi friza haijui kusi.

Unene unampa paka kisukari, aina ile ile inayowasumbua wazee wetu. Humchosha viungo, humharibia njia ya mkojo, humfupishia maisha. Paka mwenye kisukari kwa kawaida hudungwa insulini mara mbili kwa siku, na mahali ambapo kuna binadamu wanaohangaika kupata dawa hiyo hiyo, sijui ni nani atakayempigia paka foleni.

Lakini usinisome nusu ukaenda kumfungia paka mlango asile mpaka apungue. Hapo ndipo watu humwua haraka kuliko unene ungemwua. Mbwa aweza kulala na njaa siku mbili akaamka. Paka mnene hana uwezo huo. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta yake ya mwilini humiminikia kwenye ini, ini likalemewa, ufizi na macho yakageuka manjano. Wengi hawaponi bila daktari. Kwa hivyo paka hafungishwi saumu, na paka mnene aliyekataa chakula kwa siku nzima ni wa kupelekwa, si wa kupongezwa kwamba ameanza kupungua.

Kupunguza kwenyewe ni pole pole: asilimia moja ya uzito kwa wiki. Kwa Bosi ni gramu 70 hivi. Kutoka kilo saba hadi tano atahitaji zaidi ya miezi sita, na anayetaka matokeo kabla ya Idi atamdhuru bure.

Ningeanza na wanga. Hamri, chapati, wali, sima, viazi: paka hana haja navyo hata kidogo. Ni mla nyama, mwili wake umeumbiwa nyama na samaki. Chai ya maziwa nayo iondoke. Paka wengi wakubwa maziwa huwaharisha. Mpe samaki wa kuchemsha, asiye na tui wala mafuta, aliyetolewa miba. Gramu 100 za changu wa kuchemsha ni kalori kama 100, na hapo utaona ulaji unaonekana mwingi sahanini huku hesabu ikishuka. Mchuzi wa kupaka mnyime kabisa, kwa sababu vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa paka: huharibu damu yake. Na ng'onda, ndugu zangu tunaoishi katikati ya mashamba ya chumvi, mwachieni binadamu.

Samaki peke yake kila siku naye hatoshi. Samaki mbichi, wa aina kadhaa, huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, na akizidishiwa samaki wa mafuta mengi huletewa maradhi mengine. Changanya na nyama ya kuku, moyo wa kuku, maini kidogo mara moja moja. Mwenye kumudu chakula cha paka cha dukani na akipime kwa kikombe kilicho kimoja siku zote, asipime kwa huruma. Ugawe ulaji wa siku mara nne au tano. Nyumba nyingine huweka punje ndani ya kifuu kilichotobolewa, paka akisukume na kukibiringisha mpaka zitoke, na wala si mchezo wa kitoto. Paka aliyezoea bakuli lililojaa huwa amepokonywa kazi yake ya asili.

Hayo yote ni rahisi. Lililo gumu ni milango ile mingine. Mama wa Bosi anaweza kupima gramu kwa gramu nyumbani kwake, na karai la mama karanga likaifuta hesabu yote kabla ya saa nne. Ndiyo maana nasema dawa ya paka mnene wa ploti huanzia barazani, si jikoni. Mwenye paka inabidi azunguke, abishe hodi, aseme: tafadhali, Bosi ana maradhi, msimpe kitu. Ni ombi zito kwa watu wa pwani. Tumefundishwa kwamba asiyekipa kiumbe chakula ni bahili, na sasa mwenzako anakuomba ubahili. Kijana wa bodaboda alipoambiwa alicheka sana, kisha akauliza swali la maana: sasa ule wali nimpe nani? Kuku wapo, tukamjibu.

Najua atakayeniandikia wiki ijayo. Atasema: bara ya Magarini watu wanalilia mvua na unga, nawe unatuletea habari za paka aliyeshiba. Ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba kumpunguza paka hakugharimu kitu, kunaokoa. Kinachotoka kwenye sahani ya Bosi ni chakula cha watu: unga, mafuta, sukari, nazi. Asiye na huruma na paka na amhurumie mfuko wake.

Wapo pia wanaodhani paka wembamba ni paka wa umaskini. Hao nawakumbusha kadzonzo, paka wa Wagiriama. Mwaka 1978 Jeni Slater alikuta vitoto vya paka hao katika shamba lake la minazi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wengine walipelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la wafuga paka la FIFe likawatambua kwa jina la Sokoke. Leo kuna Wazungu wanaowalipia pesa nyingi. Mtazame umbo lake: mwembamba, misuli mikavu, miguu mirefu, ya nyuma ikiizidi ya mbele. Paka wa msitu wetu aliyeingia kwenye vitabu vya dunia hakuingia kwa kitambi.

Chuoni sote tulisomeshwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia bila kumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Nusu ya kwanza tumeishika vizuri, pengine kupita kiasi. Ya pili tunaisahau: kwamba kumwacha paka ajitafutie nako kulihesabiwa kuwa haki yake. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo imetazama upande mmoja tu: inataja kupiga, kupiga teke, kubebesha mzigo kupita kiasi na kunyima chakula, ila kushibisha mpaka madhara hakukutajwa. Uingereza walifika huko mwaka 2007, ndugu wawili walipotiwa hatiani kwa kumwacha mbwa wao, Rusty, anenepe hadi kilo 70 na ushei na kushindwa kwenda. Sidai tufikishane mahakamani kwa sababu ya viazi karai. Nadai tuache kujiona wema kwa jambo ambalo kwingine limeitwa mateso.

Limebaki la wakubwa. Kenya imejiwekea mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na kampeni za chanjo ndizo siku chache ambazo mtu wa kawaida hujikuta yeye, mnyama wake na daktari wa mifugo mahali pamoja. Siku nyingine watu huona haya kumpeleka paka kwa daktari waliyezoea kumwona na ng'ombe na mbuzi. Basi ombi langu kwa idara ya mifugo ya Kaunti ya Kilifi ni dogo: mkija kuchanja, leteni na mizani, mpime kila paka, na mwenyewe aambiwe uzito huo mbele ya majirani zake.