Baiskeli yenye amotisere mbele: inasaidia ao inakula makuta bure?

Katika masoko ya Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, baiskeli za bei ya chini zenye amotisere mbele zinavuta macho haraka. Ziko na rangi nzuri, ziko na springi kubwa, na muuzaji anaahidi kwamba mashimo hayatasikika tena. Kwa mtu mwenye kuhesabu kila siku makuta ya moto ya kwenda kazini na kurudi, ahadi hiyo inaingia moyoni. Lakini kama makuta ni kidogo, ile amotisere inastahili kulipiwa?

Swali hili si la mchezo. Huko Goma, benki zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025, na nyumba nyingi zikabaki kuishi na makuta ya mkononi tu. Mtu akikosea leo katika kununua baiskeli, kupata makuta ya kununua ingine si jambo la karibu.

Ndani yake kuna nini?

Amotisere nzuri inafanya kazi mbili. Springi, ao hewa, inapokea pigo la jiwe. Kisha mafuta yenye kuwa ndani yanatuliza ule mwendo, ili usukani usiruke juu kwa nguvu. Kwenye baiskeli za bei ya chini, mara nyingi mafuta hayamo. Kuna springi na kipande cha mpira, basi. Ndiyo sababu gurudumu likipiga jiwe kubwa, mikono inasikia mapigo mawili: la kushuka na la kurudi.

Tena kuna uzito. Uma wa chuma wa kawaida, ule wenye kushika gurudumu la mbele, unakaribia kilo 1. Ule wa springi wa bei ya chini unapita mara nyingi kilo 2. Na kwenye milima ya Bukavu ao Butembo, mwendeshaji akisimama juu ya pedali, sehemu ya nguvu yake inaishia kukandamiza springi, haisukumi baiskeli mbele.

Mzigo uko nyuma

Katika uwanda wa Ruzizi ao kule Kindu, baiskeli si ya kutembea tu. Inabeba bidoni, mifuko ya makala, ndizi, na hata mtu. Mzigo huo unakaa nyuma. Amotisere ya mbele haiusaidii hata kidogo. Gurudumu la nyuma ndilo linapokea mapigo yote. Na kwenye mteremko kama ule wa Ngomo, mtu akifunga freni ya mbele na mzigo mgongoni, springi inashuka na uzito wote unakimbilia mbele.

Fundi naye ana neno lake. Uma wa chuma ukipinda, anaweza kuunyoosha ao kuuchomelea kando ya barabara. Amotisere ya bei ya chini mara nyingi haikutengenezwa ili ifunguliwe. Vumbi la kiangazi na matope ya mvua vinapita kwenye mipira ya kufungia, vinakula ndani, na kisha gurudumu linaanza kucheza. Vipande vyake ni shida kupata. Na kuweka uma wa kawaida fasi yake si kuchukua wowote: ukiwa mfupi sana, baiskeli inainama mbele na usukani unabadilika tabia.

Mpira mpana njo amotisere ya kwanza

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipata haki ya uvumbuzi wa mpira wenye hewa, ambao alikuwa ameutengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake huko Belfast. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kupunguza mitikisiko. Wanainchi wa Goma wanaijua hekima hii bila kitabu. Tshukudu, ile yenye sanamu yake mjini, inabeba mizigo mizito juu ya magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi za zamani.

Kwa hiyo mipira yenye upana wa sentimita 5 hivi, yenye hewa ya bari 2.5 hadi 3 kwa mtu asiye na mzigo, inatuliza mawe madogo vizuri kuliko springi isiyo na mafuta. Mzigo ukiongezeka, hewa iongezwe, la sivyo mpira utatobolewa na chuma cha gurudumu.

Je, kuna mwenye kufaa kuinunua? Ndiyo. Mwenye maumivu ya mikono, anayepita kila siku juu ya mawe ya Nyiragongo bila mzigo, anaweza kufaidika, hasa akipata baiskeli iliyotumika ila bado iko na amotisere ya mafuta ao ya hewa. Ajaribu hivi: afunge freni ya mbele, asukume baiskeli mbele na nyuma. Kama kuna mchezo na kelele, aache. Kisha akandamize usukani: urudi polepole, si kwa kuruka. Na zile bomba zenye kungaa zisiwe na kutu.

Kwa wengine wote, uma wa chuma, mipira mipana, freni zenye kushika na magurudumu imara ndivyo vya kulipiwa kwanza.

Lakini kuna deni ambalo si la mnunuzi. Tangu 2008 inchi iko na FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaolishwa na makuta yanayokatwa kwenye mafuta ya gari na kwenye vizuizi vya kulipia njia. Mwanainchi anayepanda moto analipa sehemu yake ndani ya bei ya safari. Akinunua tena amotisere juu ya mashimo yaleyale, analipa barabara moja mara mbili.