Kura ya Siri Si Zawadi ya Chama



Kila msimu wa mchujo wa vyama unapokaribia, hujitokeza watu kutuambia kwamba njia rahisi na safi ya kumteua mgombea ni kuwapanga wanachama mstari mmoja nyuma ya kila mwaniaji, wakahesabiwa mchana kweupe na kazi ikaisha. Haina gharama, wanasema. Haihitaji karatasi za kuchapishwa wala masanduku yanayoweza kuibwa. Tena, wanaongeza kwa fahari, ni njia ya Kiafrika, ya watu kuonana macho kwa macho bila unafiki.

Maneno hayo si mapya. Ndiyo yaliyotamkwa na wakuu wa KANU mwaka 1986, walipoamua kuiondoa kura ya siri katika hatua ya uteuzi na kuleta mlolongo mahali pake. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya walio hai leo walizaliwa baada ya mambo hayo, yafaa tuyasimulie kama yalivyokuwa.

Tangu Juni 1982, kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati ule kilikuwa kimeifanya KANU kuwa chama pekee nchini. Aliyetaka kuwa mbunge hakuwa na mlango mwingine. Februari 1988 wanachama walitakiwa kusimama hadharani nyuma ya mwaniaji, au wakala wake, au picha yake, huku maofisa wa utawala wa mkoa wakiwahesabu. Mwaniaji aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi alikuwa amekwisha kuchaguliwa. Kura ya siri ya mwezi Machi haikumhusu tena. Asiyekuwa na kadi ya chama hakuwa na mahali pa kusimama. Mwenye kadi alisimama, lakini alisimama mbele ya chifu wake, mwajiri wake, mwenye shamba alilokodi, na jirani ambaye kesho angemhitaji. Hayo ndiyo macho ya Kiafrika waliyoyasifu.

Matokeo yake yanajulikana. Mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na mrefu ukatangazwa kuwa mfupi, mbele ya watu wale wale waliosimama humo. Mtu aliuona ushindi kwa macho yake asubuhi, na jioni akasikia redioni kwamba ameshindwa.

Sisi mawakili huiona kasoro moja ya mlolongo kabla ya nyingine zote: haubakizi ushahidi. Karatasi ya kura ni kitu. Hufungiwa sandukuni, hutiwa lakiri, hupelekwa mahakamani, huhesabiwa upya mbele ya jaji. Mlolongo ukishatawanyika umetawanyika. Watu wamerudi kwenye ng'ombe wao na vibanda vyao, na kilichobaki ni neno la ofisa aliyetumwa kuhesabu. Utamwomba hakimu ahesabu nini? Nyasi zilizokanyagwa? Anayesema kwamba mlolongo ni wa wazi hajatuambia kwamba uwazi huo hudumu kwa saa moja tu, kisha ukawa giza la milele. Linganisheni na yaliyotokea tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Upeo chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipofuta uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti. Shauri lile liliwezekana kwa sababu palikuwa na fomu za kulinganishwa na mitambo ya kukaguliwa, na Tume ya Uchaguzi ilipokosa kufungua mitambo yake kama ilivyoagizwa, ukaidi huo wenyewe ulihesabiwa dhidi yake.

Hata kwa sheria ya wakati ule, mlolongo haukuwa na miguu ya kusimamia. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 liliitaja kura ya siri. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika kifungu chake cha 25, uliitaja pia, na Kenya ilikuwa imejiunga na mkataba huo mwaka 1972, miaka kumi na minne kabla ya KANU kuanza kutuhubiria mila. Na wale waliodhani kwamba siri ni anasa ya kizungu wangejiuliza Uingereza yenyewe iliipata lini. Iliipata mwaka 1872. Kabla ya hapo Mwingereza alitaja jina la mgombea wake kwa sauti mbele ya watu, na mpangaji aliyetaja jina lisilompendeza mwenye ardhi angeweza kujikuta hana pa kulala. Hofu ya maskini mbele ya mwenye nguvu haina kabila wala rangi.

Turudi nyumbani. Nani aliirudisha kura ya siri? Si hisani ya chama. Makasisi na maaskofu, miongoni mwao Henry Okullu, Alexander Muge, David Gitari na Timothy Njoya, waliupinga mlolongo wakati ambapo kuupinga kulikuwa hatari. Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa matawi ya chama. Na mwaka 1990, kamati ya chama iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilipozunguka nchini kusikiliza maoni, wananchi waliyasema waliyokuwa wameyameza kwa miaka. Desemba mwaka huo KANU ikauzika mlolongo na ile kanuni ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye kifungu cha 2A nacho kikafutwa. Ni kwa mpangilio huo mambo yalivyokwenda, na twaomba usisahaulike: Wakenya waliidai siri ya kura kwanza, vyama vingi vikafuata. Vyama kumi vyenye kumpanga mtu foleni si bora kuliko kimoja.

Leo siri hiyo imeandikwa mahali ambapo hakuna mkutano wa wajumbe unaoweza kuifuta kwa kuinua mikono. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri. Kifungu cha 81 kinaifanya siri kuwa sharti la uchaguzi huru na wa haki. Basi adui wa kura ya siri hawezi tena kuja na amri ya chama. Huja na pochi.

Wapo wanaowashauri wananchi wapokee fedha za mwaniaji kisha wapige kura wapendavyo. Ushauri huu hatuuungi mkono, na si kwa sababu ya maadili peke yake: sheria yetu ya makosa ya uchaguzi humshika mtoaji wa hongo na mpokeaji pia. Lakini kuna jambo la kina zaidi. Mnunuzi wa kura si mjinga. Anajua kwamba pazia la kibanda humfanya afanye biashara ya kununua mbuzi gizani. Hulipa asichoweza kukiona. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kulitoboa pazia hilo. Humwambia kijana aingie na simu, apige picha karatasi aliyoitia alama, atoke aonyeshe, ndipo alipwe salio. Picha hiyo ni mlolongo wa mtu mmoja. Na asipoweza kuiona kura kabisa, hununua kitambulisho cha mtu siku chache kabla ya uchaguzi, ili kura asiyoiamini isipigwe hata kidogo.

Njia ya tatu ndiyo inayotuudhi kuliko zote, kwa sababu imejificha ndani ya huruma ya sheria. Mpiga kura asiyeona, au asiyejua kusoma, ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini. Ni haki njema. Sasa mtu anayesoma gazeti kila siku anaambiwa ajifanye hajui kusoma, ili mpambe wa mwaniaji aingie naye kibandani na kuona kidole kinakwenda wapi. Sheria haikuwaachia mlango wazi hivyo: msaidizi mmoja humsaidia mpiga kura mmoja tu, naye huapa kutunza siri. Anayekuja bila msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Mawakala wa vyama na wamkazie macho yule anayerudi mara ya pili akiwa na "mama" mwingine mkononi.

Tukiri pia kwamba wengi huomba msaada kwa hofu ya kweli. Wanahofia kuharibu kura, na hofu hiyo si ya bure: mwaka 2013 na mwaka 2022, kura za urais zilizokataliwa zilipita 100,000 kila mara. Lakini dawa yake ni mafunzo kabla ya siku yenyewe. Karatasi ni sita, za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Kila moja hupata alama moja dhahiri katika kisanduku kimoja na huingia katika sanduku lake. Mjukuu aliye darasa la sita anaweza kumfundisha nyanya yake jioni moja. Wengine wanahofia kwamba mashine inayosoma alama za vidole itawatoboa. Haiwezi. Mashine hutambua mtu mlangoni. Haijui alichokwenda kufanya nyuma ya pazia. Na wale wanaokuamuru uvae suti ya chama, uwapigie wote sita wa rangi moja, nao hawatajua ulishona vipande vingapi.

Tunavigeukia vyama, vyetu vikiwa vya kwanza. Katika sehemu nyingi za nchi hii mshindi wa mchujo ndiye mshindi wa uchaguzi, na Agosti ni kutawazwa tu. Kumpa mwananchi siri mwezi Agosti baada ya kumvua siri hiyo mwezi Aprili ni kumpa mwavuli mvua ikiisha kunyesha. Kifungu cha 91 cha Katiba kinavitaka vyama viendeshe chaguzi huru na za haki ndani yao, na kwa maoni yetu ya kisheria hakuna uchaguzi huru ambamo chifu anaweza kukuhesabu. Chama kinachodai kwamba hakina fedha za kuchapisha karatasi za mchujo, ilhali kina fedha za kukodi helikopta, kituonyeshe hesabu zake. Na kanuni za uteuzi za kila chama ziandike, kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili, kwamba uteuzi ni kwa kura ya siri, kwamba karatasi zitahifadhiwa mpaka mashauri yote yaishe, na kwamba mwaniaji yeyote atakayepanga watu mstari, au kumtaka mtu mmoja amwonyeshe kura yake, ataondolewa katika mchujo huo siku hiyo hiyo.