Deni la Mfereji Lisiwaelemee Wakulima Peke Yao

Sioni dhuluma yoyote jimbo la Montana likitoa fedha za hazina yake kuwapunguzia wakulima wa bonde la mto Milk deni la mfereji wanalodaiwa na serikali kuu ya Marekani; bali naiona ni insafu iliyochelewa. Sheria ya umwagiliaji ya 1902 iliwataka wakulima warejeshe gharama za ujenzi, pasipo riba, katika miaka 10, na kwa kuwa ardhi haikuzaa kama walivyotaraji wenye kuitunga, muda ukaongezwa kuwa miaka 20 mnamo 1914, kisha 40 mnamo 1926. Basi mwenye kutazama kwa makini atafahamu ya kuwa kasoro ilikuwa katika hesabu yenyewe, wala si katika uaminifu wa mdaiwa.

Tarehe 17 Juni 2024, karibu na kijiji cha Babb, mabomba ya chuma ya mfereji huo, yavushayo maji ya mto St. Mary kuelekea mto Milk, yaliyokwisha kutumika takriban karne nzima, yalipasuka, maji yakachimba korongo ubavuni mwa kilima, na mfereji ukakauka. Sehemu kubwa ya gharama za matengenezo huwaangukia wakulima, ilhali maji ya mto Milk hunywewa pia katika miji ya Havre, Chinook na Harlem, na watu wasiomiliki hata ekari moja.

Nawasihi wabunge wa Montana walioko Helena walibebe deni hilo, kwa sharti kwamba kila mwaka wakulima waweke akiba ya matengenezo, na watu wa kabila la Wablackfeet, ambao mfereji umepita katika ardhi yao, washirikishwe katika shauri hilo tangu mwanzo.