JELA ZIMEJAA: VYAMA VYA SIASA VITUAMBIE VITAFANYA NINI

Ndugu wafanya kazi,

Uchaguzi mkuu wa Kenya umewekwa na Katiba kuwa Agosti 2027. Wagombea watatujia na maneno ya barabara, bei ya unga na kazi za vijana. Hayo ni mema, nasi tutawasikiliza. Lakini liko jambo moja ambalo wasemaji wengi hulikwepa kwa sababu halipigiwi makofi. Jela zetu kwa miaka mingi zimebeba watu kupita nafasi zake, na zaidi ya theluthi moja ya watu hao ni mahabusi, yaani watu ambao kesi zao hazijakatwa.

Mtu atauliza, mambo ya jela yanakihusu nini chama cha wafanya kazi? Si kazi yetu mishahara na saa za kazi? Jibu limo katika sheria mbili, nasi tungependa kila mwanachama azijue.

Ya kwanza ni Katiba ya 2010, kifungu cha 49. Kinasema mtu aliyekamatwa ana haki ya kupewa dhamana kwa masharti ya haki mpaka kesi yake iishe, ila kama ziko sababu nzito za kumnyima. Tena chasema kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichopita miezi sita, mtu asiwekwe rumande kwa ajili yake.

Ya pili ni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44. Hiyo yampa mwajiri ruhusa ya kumfukuza mtu bila notisi ikiwa amekamatwa kwa kosa la kufungwa jela na siku 14 zimepita bila ya yeye kutoka kwa dhamana au kuachiliwa.

Sasa ziweke sheria hizi mbili mbele yako. Watu wawili wameshtakiwa kosa moja, siku moja, mbele ya hakimu mmoja. Wote wamepewa dhamana sawasawa. Mmoja ana fedha benki. Analipa, na kesho yuko ofisini kwake. Wa pili ni kibarua. Nduguze wanazunguka kwa jamaa wakichanga, na kabla hazijatimia siku 14 zimekwisha. Huyu aweza kupoteza kazi kabla hakimu hajasema kama ana hatia au hana. Baadaye akishinda kesi, atatoka akiwa hana kazi, na pengine kodi ya nyumba imelala miezi mitatu. Hakufukuzwa kwa wizi, bali kwa umaskini. Je, hilo si jambo la chama cha wafanya kazi?

Na ni watu gani wanaokamatwa? Uchunguzi wa 2016 uliofanywa chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulionyesha kwamba kesi nyingi ni za makosa madogo, na kwamba wanaoumia zaidi ni maskini. Ni mama aliyeuza mboga bila laiseni, kijana aliyekutwa na pombe, mtu aliyeshindwa na faini. Hao ndio majirani zetu, na wengine ni wake zetu na watoto wetu.

Historia yetu pia haituruhusu kunyamaza. Serikali ya kikoloni ilimkamata Makhan Singh mwaka 1950 kwa sababu ya kuunganisha wafanya kazi, wala hakupata uhuru wake mpaka 1961. Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanya kazi wa Mombasa, aliondolewa na kuzuiliwa mbali mwaka 1947. Hata Paulo na Sila walilala gerezani. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kila aliye ndani ya kuta zile ni mtu mbaya.

Sasa tutazame vyama vimefanya nini. NARC ilipoingia serikalini mwisho wa 2002, Bwana Moody Awori, Waziri wa Mambo ya Ndani, alifungua milango ya jela ili watu waone. Wafungwa walipata magodoro na nguo bora. Twamshukuru, maana mfungwa ni binadamu. Lakini Septemba 2004 watu watano walikufa katika jela ya Meru ndani ya chumba kilichojaa kupita kiasi. Godoro halifai kitu kama hapana mahali pa kulitandika.

Agosti 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia watu zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Rais Ruto naye alifanya tendo la namna hiyo Julai 2023. Hayo ni matendo ya huruma, lakini hayakupunguza msongamano, kwa kuwa aliyekuwa ndani alibaki ndani.

Chama kingine kitasema, tutajenga jela zaidi. Sisi wa reli twajua kwamba stesheni ikizidi kupakia mizigo isiyostahili kusafiri, hata ukiongeza mabehewa yatajaa yote. Dawa ni kutazama kule kwenye kupakia, yaani polisi na mahakama.

Na dawa nyingine ipo tayari. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 yampa hakimu uwezo, kwa makosa ambayo kifungo chake hakipiti miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi ya umma bila malipo badala ya jela. Atatengeneza barabara au kupanda miti, na jioni atalala kwake pamoja na watoto wake. Twaikubali sheria hii, lakini kwa onyo moja. Kazi hiyo isiwe njia ya baraza la mji kuachisha wafagiaji wake wenye mshahara na kuweka wakosaji wasiolipwa. Adhabu ya mtu mmoja isimnyime mwingine chakula.

Tusiwasahau askari wa jela. Nao ni wafanya kazi, na msongamano unawaumiza wao pia, maana mmoja huwalinda watu wengi mno. Aprili 2008 askari wa jela nyingi waligoma wakidai posho na nyumba. Hata hivyo, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imewaacha nje, hawana chama kama sisi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiseme ni mwepesi kwa kuwa hatuubebi.

Wako wanachama watakaosema, mwizi aliyevunja nyumba yangu aachwe tu? Hapana. Mnyang'anyi na muuaji wafungwe, maana wanaoibiwa na kupigwa njiani usiku ni sisi wenyewe tutokao zamu. Lakini rumande ikijaa watu wa makosa madogo, kesi za wakosaji wakubwa nazo huchelewa, na kijana aliyeingia kwa kosa dogo hutoka amefundishwa kosa kubwa. Hapo raia hakulindwa.

Basi mgombea wa chama cho chote akija kwenu, mwulizeni maswali haya manne:

1. Chama chako kitafanya nini ili kifungu cha 49 cha Katiba kifuatwe, na dhamana ilingane na uwezo wa mtu?

2. Mtakubali kubadili Sheria ya Ajira, ili mtu asipoteze kazi kwa sababu tu ya kukosa fedha za dhamana?

3. Mtaongeza maofisa wa kusimamia huduma kwa jamii, na mtalinda kazi za wenye mshahara?

4. Mtawapa askari wa jela njia halali ya kusema shida zao?

Akijibu kwamba atafikiri, mwambieni afikiri upesi, arudi na jibu kabla ya siku ya kura. Makatibu wa matawi waandike majibu, chama na jina la msemaji, wayalete kwetu. Tutayachapa hapa yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, ili kila mwanachama aende kupiga kura akijua nani alisema nini.

Wenu katika kazi,
Mhariri